Dawa, Sumu na Kinda la Mnandi: Vichafuzi Sugu na Afya ya Ndege Wachanga katika Ufuo wa Migori na Homa Bay

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna kemikali zinazodumu katika mazingira zinavyoathiri afya ya makinda ya ndege wa maji, kwa kurejelea ufuo wa Ziwa Viktoria katika kaunti za Migori na Homa Bay nchini Kenya. Yanaeleza chimbuko la kemikali hizo, njia zinazopitia hadi kufika ndani ya yai, na madhara yanayolipata kinda hata pale mzazi wake anapoonekana mzima. Aidha, makala yanadai kwamba maneno mawili ya kila siku, "dawa" na "sumu", humfichia msemaji wa Kiswahili hatari hii: la kwanza huahidi uponyaji, na la pili huahidi kifo cha papo hapo. Mwishoni yanapendekeza istilahi chache za kuisemea hatari hiyo kwa usahihi.

1.0 Utangulizi

Ndege ni mjumbe wa kale katika ushairi wa Kiswahili. Washairi wamemtuma njiwa kupeleka salamu, kumtafuta mpenzi na kurejesha jawabu. Mjumbe anayejadiliwa katika makala haya hatumwi na mshairi. Ni kinda la ndege wa maji, na ujumbe wake umo katika ganda la yai, katika manyoya na katika damu yake.

Mnandi ni ndege wa maji apigaye mbizi kutafuta samaki, kisha akasimama juu ya mwamba au mti mkavu huku ametandaza mbawa zake zikauke. Jamaa zake wengi huishi baharini, na mengi yanayojulikana kuhusu kemikali na ndege wachanga yamejulikana kwa kuwachunguza ndege wa baharini: minandi, mwari, shakwe na buabua. Ndege wa jamii hizo wapo pia katika Ziwa Viktoria, wanakula samaki kwa namna ile ile na kulea makinda kwa namna ile ile. Wazungumzaji wa Dholuo, ambao ndio wengi katika ufuo huu, hutumia neno moja, nam, kwa ziwa na kwa bahari. Kwa mada iliyo mbele yetu, neno hilo limepatia.

Kinda la mnandi huanguliwa likiwa uchi, macho yamefumba. Halina chakula lingine ila kile kitokacho kooni mwa mzazi. Kwa kuwa mzazi huvua karibu na kiota, mwili wa kinda hujengwa kwa samaki wa mahali pale pale. Ndege mzima aweza kuwa ameipata sumu yake mbali, bali sumu aliyo nayo kinda ina vyanzo viwili tu: yai alilotagiwa, na maji yaliyo jirani. Hii ndiyo sababu wanasayansi hulipendelea kinda kama shahidi wa mazingira.

2.0 Mahali na Chimbuko la Kemikali

Kaunti za Migori na Homa Bay zilianza kazi mwaka wa 2013 chini ya Katiba ya 2010. Kabla ya hapo, eneo hili lilifahamika kwa miaka mingi kama Nyanza Kusini. Ziwa Viktoria lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800, na Kenya inamiliki asilimia 6 hivi tu. Hata hivyo, mito inayobeba udongo na mabaki ya shughuli za binadamu kutoka nyanda za Kenya huishia humo. Upande wa Migori, Mto Migori huungana na Mto Kuja, uitwao pia Gucha, kisha maji yake huingia ziwani kupitia Nyatike. Upande wa Homa Bay kuna mji wenyewe na ghuba yake, Mbita, visiwa vya Rusinga na Mfangano, pamoja na Bonde la Lambwe lenye Hifadhi ya Taifa ya Ruma.

Kemikali zinazotuhusu zina vyanzo vitatu vikuu katika eneo hili.

Chanzo cha kwanza ni vita dhidi ya wadudu waenezao maradhi. Bonde la Lambwe lilijulikana sana kwa mbung'o na homa ya malale. Katika juhudi za kuwaangamiza mbung'o, dieldrini ilinyunyizwa kwenye vichaka vya bonde hilo, na mwaka wa 1981 endosulfani ilinyunyizwa kwa ndege. Nia ilikuwa njema, na homa ya malale ilikuwa balaa ya kweli. Lakini dieldrini ni miongoni mwa kemikali zinazokaa udongoni kwa miaka mingi baada ya mdudu aliyelengwa kufa.

Chanzo cha pili ni kilimo. Miwa ya Awendo, tumbaku ya Migori, pamba na mboga zimelimwa kwa msaada wa viuatilifu. Kenya ilipiga marufuku matumizi ya DDT katika kilimo mwaka wa 1986. Mkataba wa Stockholm kuhusu kemikali za kikaboni zinazodumu ulipitishwa mwaka wa 2001 ukiwa na orodha ya kemikali kumi na mbili, zikiwamo DDT, dieldrini na zile ziitwazo PCB zilizotumika katika transfoma za umeme. Kenya iliuridhia mwaka wa 2004. Endosulfani iliongezwa katika orodha hiyo mwaka wa 2011, yaani miaka thelathini baada ya kunyunyizwa Lambwe.

Chanzo cha tatu ni dhahabu. Wachimbaji wadogo wa Macalder, Osiri, Mikei na kwingineko katika Migori huponda mawe, huyasaga, huuosha unga wake, kisha huchanganya zebaki na mchanga mzito uliobaki. Zebaki hushikamana na chembe za dhahabu na kufanya donge. Donge hilo huchomwa motoni. Zebaki huruka kwa mvuke na dhahabu hubaki. Mvuke huo hauendi peponi. Hupoa, huanguka juu ya udongo, paa na maji, ilhali zebaki nyingine husalia katika mchanga uliooshwa na kuchukuliwa na mvua hadi mtoni. Zebaki si kiuatilifu wala si kemikali ya kikaboni kwa asili yake. Ni elementi, na kwa sababu hiyo haiozi kamwe. Ndiyo maana ina mkataba wake peke yake, Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao Kenya iliuridhia mwaka wa 2023.

3.0 Safari ya Kemikali hadi Kiotani

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Methali hii hutumiwa kumhimiza mtu aweke akiba. Hata hivyo, hakuna maelezo mafupi zaidi ya namna kemikali hizi zinavyofanya kazi. Viuatilifu kama DDT haviyeyuki vizuri majini, bali huyeyuka katika mafuta. Vikiingia katika mwili wa kiumbe, hujificha katika mafuta yake na havitoki kwa mkojo kama vitu vingine. Kijidudu cha majini hubeba haba. Samaki mdogo hula vijidudu vingi na kukusanya haba zao zote. Samaki mkubwa hula wadogo wengi. Ndege hula samaki kila siku ya maisha yake. Kibaba hujaa kwa yule aliye juu kabisa ya ngazi.

Mfano mashuhuri wa jambo hili ulitokea katika Clear Lake, ziwa la maji baridi jimboni California, Marekani, na ulielezwa na Rachel Carson katika kitabu chake cha mwaka 1962. Ili kuwaua visubi waliowasumbua wavuvi na watalii, ziwa hilo lilitiwa DDD, ndugu wa DDT, katika miaka ya 1949, 1954 na 1957. Kiasi kilichopimwa majini kilikuwa sehemu 0.02 tu kwa milioni, kiasi ambacho mtu angekiita si kitu. Katika mafuta ya vibisi, ndege wapigao mbizi wanaokula samaki, kilipimwa kiasi cha sehemu 1,600 kwa milioni, yaani mara 80,000 ya kile cha majini. Jozi za vibisi zilizozidi 1,000 zilipungua hadi kama 30 ifikapo mwaka wa 1960, na hizo chache zilizosalia zilijenga viota bila kuonekana na makinda.

Zebaki hupitia njia nyingine kidogo. Zebaki ya machimboni haiingii kwa urahisi katika miili ya samaki hadi ibadilishwe. Katika matope yasiyo na hewa, hasa kwenye vinamasi na kandokando ya mito, bakteria huigeuza kuwa zebaki ya methili. Umbo hili jipya hushikamana na protini za mwili, hupanda ngazi ya chakula, na hupenya mahali ambapo sumu nyingi huzuiwa: ukuta unaoulinda ubongo, kondo la nyuma la mama mjamzito, na yai la ndege.

Hapa ndipo yai linapokuwa njia panda. Mama ndege anapotengeneza yai, humpa mwanawe sehemu ya akiba ya mwili wake. Viuatilifu vipendavyo mafuta huingia katika kiini cha yai, kwa kuwa kiini kina mafuta. Zebaki ya methili huingia zaidi katika ute mweupe, kwa kuwa ute una protini. Kinda linalokua ndani ya ganda hula vyote viwili. Kabla halijafumbua macho, limekwisha kurithi.

4.0 Madhara kwa Kinda

4.1 Ganda

Dhara la kwanza hutokea kabla ya kinda kuzaliwa. DDT huvunjika mwilini na kuwa DDE, ambayo huzuia kalsiamu kufika vya kutosha katika tezi itengenezayo ganda. Yai hutagwa likiwa na ganda jembamba, na mzazi anapoatamia hulivunja kwa uzito wake mwenyewe. Ratcliffe (1967) aliyapima maganda ya mayai ya kozi yaliyohifadhiwa Uingereza na akagundua kwamba yalianza kuwa membamba katika miaka ya mwisho ya 1940, wakati DDT ilipoanza kuenea. Katika kisiwa cha Anacapa, California, mwaka wa 1970 mwari wa kahawia walijenga viota zaidi ya 500, na ni kinda moja tu lililokua. Mwari wazima walikuwapo, wakiruka na kuvua kama kawaida. Aliyewatazama kwa mbali angedhani kundi lina afya.

4.2 Umbo na kinga

Katika Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini, watafiti waliwakuta makinda ya minandi yenye midomo iliyopishana kama mkasi usiofunga. Kinda la namna hiyo haliwezi kushika samaki likiachwa na wazazi. Hali hiyo ilihusishwa na PCB na kemikali za jamii yake. Katika maziwa hayo hayo, makinda ya shakwe na buabua waliokaa sehemu zenye uchafuzi mwingi yalionyesha udhaifu wa kinga ya mwili. Kinda kama hilo halifi kwa kemikali. Hufa kwa ugonjwa ambao mwenzake angeushinda, na anayeokota mzoga wake huandika jina la ugonjwa.

4.3 Ubongo na mwenendo

Zebaki ya methili hulenga mfumo wa neva. Huko Florida, watafiti waliwalisha yangeyange wakubwa wachanga kiasi kidogo cha zebaki ya methili kila siku, kisha wakautazama mwenendo wao. Waliopewa zebaki walipungukiwa na hamu ya kuwinda samaki na walitafuta kivuli kuliko wenzao. Yangeyange mkubwa ni ndege yule yule asimamaye kwenye matete ya Ghuba ya Homa. Kwa ndege ambaye maisha yake hutegemea subira na shabaha, kupungua kidogo kwa uchangamfu ni hukumu ya njaa.

4.4 Manyoya na siku ya njaa

Jambo la ajabu katika elimu hii ni kwamba kinda lina kinga ya muda. Manyoya yanapoota, zebaki iliyomo katika damu huhamia ndani yake na kufungwa humo. Kwa majuma kadhaa kinda hukua likiitoa sumu kwa njia ya manyoya, na damu yake huonekana safi kuliko inavyotarajiwa. Lakini manyoya yakishakomaa, mlango huo hufungwa. Zebaki ya kila samaki anayeliwa baada ya hapo hubaki mwilini. Wakati huo ndio wakati kinda linapoacha kiota na kuanza kujitafutia chakula.

Kwa upande wa viuatilifu vya mafuta, hatari hufika siku hizo hizo. Kinda lililonona hubeba kemikali katika mafuta yake bila dalili kubwa. Ndege mchanga asiyejua bado kuvua hukonda. Mafuta yake huyeyuka, na kemikali iliyokuwa imelala humiminika katika damu na kufika ubongoni. Kwa hivyo akiba iliyowekwa kwa ajili ya siku ya njaa ndiyo inayoua siku ya njaa. Mtu anayelitazama kinda kiotani na kulihesabu kuwa mzima, atakuwa amelihesabu mapema mno.

5.0 Tatizo la Maneno

Mambo yaliyoelezwa hapo juu yamekwisha kujulikana kwa miongo kadhaa. Swali linalowahusu wanafunzi wa Kiswahili ni kwa nini ni vigumu kuyaeleza ufuoni. Sehemu ya jibu imo katika maneno yenyewe.

Neno la kwanza ni "dawa". Katika matumizi ya kila siku, kiuatilifu huitwa dawa: dawa ya wadudu, dawa ya kupe, dawa ya mahindi. Dholuo nayo hutumia neno yath kwa dawa ya mgonjwa na kwa kemikali ya shambani. Msemaji hadanganyi, kwake shamba ni mgonjwa na wadudu ni maradhi. Lakini neno hili hubeba maana ya ziada kwamba kinachotajwa ni chema, na kwamba kikizidi kidogo hakidhuru sana. Mwaka wa 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Viktoria kwa sababu ya taarifa kwamba baadhi ya wavuvi walitumia viuatilifu kuvulia. Riziki ya wavuvi na wachuuzi wengi katika nchi tatu iliguswa. Chupa ni ile ile. Shambani iliitwa dawa, na ilipomwagwa ziwani ikabadilika jina.

Neno la pili ni "sumu". Kamusi huieleza sumu kuwa kitu kinachoua au kudhuru mwili, na katika fikra za wengi kuua huko ni kwa ghafla. Fasihi imeijenga picha hiyo: sumu hutiwa katika kinywaji, na mnywaji huanguka papo hapo. Ipo sumu ya namna hiyo katika ufuo wa ziwa. Huko Bunyala, kaunti ya Busia, wawindaji wametumia kabofurani kuwanasa korongo domo-wazi na bata kwa kuitia katika chambo, na ndege huanguka mbele ya macho yao. Sumu hiyo huitambua kila mtu. Kemikali zinazodumu hazifanani nayo. Mchimbaji wa Nyatike aliyeshika zebaki kwa mikono mitupu kwa miaka mingi, na bado anaamka asubuhi kwenda kazini, ana sababu ya kusema kwamba hiyo si sumu, kwa maana aijuayo yeye ya neno hilo.

Neno la tatu ni kitenzi "kuisha". Husemwa kwamba dawa imeisha nguvu, harufu imeisha, mvua imekuja ikaimaliza. Kwa mambo mengi ya maisha, usemi huu ni wa kweli: moshi huisha, uvundo huisha, mzoga huoza. Lugha zote za binadamu ziliundwa katika ulimwengu ambamo karibu kila kitu huisha. Zebaki haiishi. Huhama tu.

6.0 Mapendekezo ya Istilahi

Kiswahili hakikosi nyenzo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka wa 1990, na sheng, redio na vyombo vya habari vimeendelea kuzalisha maneno. Kinachohitajika ni istilahi zinazoweza kutumika darasani na pia mbele ya mkutano wa ufuoni. Zifuatazo zinapendekezwa kwa mjadala.

(a) Kichafuzi sugu: kemikali inayodumu katika mazingira bila kuvunjika. Neno "sugu" limezoeleka katika "ugonjwa sugu", kwa maana ya usiopona upesi. Pingamizi laweza kutolewa kwamba husemwa pia "mbu sugu", yaani mbu asiyekufa kwa dawa. Hata hivyo, maana hizo mbili zina shina moja, yaani kukataa kuondoka, na muktadha hutosha kuzitenga.

(b) Mlimbikizo wa mwilini: kukusanyika kwa kemikali katika kiumbe mmoja kadiri anavyoishi.

(c) Mlimbikizo wa ngazi: kuongezeka kwa kemikali kutoka kiumbe aliwaye hadi kiumbe alaye. Dhana (b) na (c) huchanganywa mara kwa mara hata na walimu. Ya kwanza hufuata umri, ya pili hufuata mlo.

(d) Sumu ya polepole: ile ambayo madhara yake huonekana baada ya muda mrefu, tofauti na sumu ya ghafla. Kivumishi hicho hakilifuti neno "sumu" lililozoeleka, bali hulipanua.

(e) Sumu ya urithi: ile inayopita kutoka kwa mzazi hadi kwa mwana kupitia yai, kondo au maziwa. Katika Kiswahili, urithi ni haki na ni mali. Kuuweka kando ya sumu kunashtua, na mshtuko huo una faida.

Kipimo cha istilahi hizi si uzuri wake katika kamusi. Ni iwapo muuguzi, mwalimu au kiongozi wa BMU anaweza kuzitumia katika sentensi fupi na akaeleweka. Kwa mfano: "Zebaki unayoichoma leo si sumu ya ghafla. Ni sumu ya urithi. Haikuui wewe, inamngoja mwanao."

7.0 Kinda la Ndege na Mtoto wa Mtu

Je, kuna haja gani ya kuwajali makinda ya minandi katika eneo ambalo wazazi wa watoto wa binadamu wanatafuta karo na unga? Jibu limo katika historia ya mji uliopewa heshima chungu ya kuubatiza mkataba wa zebaki. Huko Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga zebaki katika ghuba kwa miaka mingi. Kabla ya ugonjwa wa watu kutambuliwa rasmi mwaka wa 1956, wakazi waliwaona paka wakipepesuka na ndege wakianguka. Ujumbe ulifika, ila hakukuwa na aliyeusoma. Baadaye walizaliwa watoto wenye ulemavu mkubwa wa ubongo, ilhali baadhi ya mama zao walikuwa na dalili hafifu au hawakuwa na dalili yoyote. Mama mzima, mtoto mgonjwa: ni sura ile ile ya mwari wa Anacapa.

Ulinganisho huu usitumiwe kueneza hofu. Uchunguzi wa samaki wa Ziwa Viktoria kwa sehemu kubwa umeonyesha zebaki iliyo chini ya kipimo cha miligramu 0.5 kwa kilo, na samaki wadogo kama omena wamo chini katika ngazi ya chakula. Omena ni lishe bora kwa mtoto, na maziwa ya mama hayana badala. Hatari kubwa iko karibu na chanzo: kwa mchimbaji anayelikanda donge kwa mkono, kwa mama anayelichoma kwenye jiko linalopikiwa chakula, kwa mtoto aliye mgongoni akivuta mvuke ule ule, na kwa samaki na ndege wa vijito vinavyopokea mchanga wa machimbo. Kusema kwamba ziwa zima lina sumu ni uongo. Kusema kwamba hakuna sumu ni uongo mkubwa zaidi.

Mintarafu ya suluhisho, njia zipo. Donge la dhahabu laweza kuchomwa ndani ya chombo kilichofungwa kinachoupoza mvuke na kuirudisha zebaki itumike tena, jambo linalomwokolea mchimbaji fedha pia. Mradi wa planetGOLD umefanya kazi na wachimbaji wadogo wa Kenya, wakiwamo wa Migori, ili kupunguza na kuondoa matumizi ya zebaki. Kifungu cha 42 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Lakini haki isiyoelezwa kwa lugha inayoeleweka hubaki karatasini.

Kwa upande wa utafiti, kinda linaweza kutoa ushahidi bila kuuawa. Unyoya mmoja ulioangukia kiotani huhifadhi kumbukumbu ya zebaki ya siku ulipoota, na yai lililoviza, ambalo mzazi ameliacha, laweza kupimwa maabara. Mambo haya yanaweza kufundishwa kwa Kiswahili katika shule za Rusinga au Nyatike bila kukopa hata neno moja la Kiingereza: unyoya, kiota, ganda, kiini, ute.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba vichafuzi sugu havilidhuru kinda kwa njia moja. Hulipunguzia ganda, hulipotosha umbo, huidhoofisha kinga yake, hulegeza ubongo wake, na huvizia siku ya kwanza ya njaa. Katika hatua nyingi za safari hiyo, mzazi huonekana mzima. Maneno "dawa", "sumu" na "kuisha" hayatoshi kueleza hali hii, kwa kuwa yaliundwa kwa ajili ya vitu vinavyoponya upesi, vinavyoua upesi au vinavyotoweka.

Wahenga walisema pia mchuma janga hula na wa kwao. Katika suala hili methali hiyo inahitaji kurekebishwa kidogo, maana mchuma janga aweza asile kabisa, akawaachia wa kwake peke yao. Kiswahili kina neno moja, "ziwa", kwa maji ya Nyanza na kwa titi linyonyeshalo. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina kazi bayana mbele yao: kukusanya maneno yanayotumiwa machimboni na ufuoni, kuyalinganisha na ya Dholuo na Kikuria, kuzijaribu istilahi zilizopendekezwa hapa kwa wazungumzaji wenyewe, na kuzikataa zile zisizoeleweka. Kazi hiyo haingoji maabara. Yangoja daftari, kalamu na nauli ya kufika Macalder na Mbita.